Kucha za Sombe zimejikunja kama ndoano

SWALI

Shangazi, salamu kutoka Kadutu, Bukavu.

Usinicheke. Najua watu wanakuandikia habari za mawifi, mahari na wanaume wasiorudi nyumbani, na mimi nakuletea habari ya dende, huyu simbilisi wetu wa kufugwa jikoni. Miaka minne iliyopita mama mkwe alikuja kutoka Walungu na dende sita ndani ya kikapu, akasema ni mchuzi wa Noeli. Watano tuliwala. Wa sita, dume mwenye doa jeupe kichwani, mtoto wangu alimficha uvunguni mwa kitanda, na tulipomgundua alikuwa amekwisha kupewa jina: Sombe. Tangu hapo ni wa nyumbani. Analala kwenye katoni tuliyoijaza nguo kuukuu, anakula majani na mabaki ya bugali, na mtoto akirudi kutoka shuleni Sombe huanza kupiga miluzi kabla mlango haujafunguliwa.

Shida ni kucha. Za mbele zimerefuka mpaka zimejikunja ubavuni kama ndoano. Nyingine nyeupe, nyingine nyeusi tii. Juzi mmoja ulinasa kwenye uzi wa sweta mle ndani ya katoni, akajivuta, ukang'oka nusu. Kijana wa jirani akatoa simu, akatuonyesha video ya Mzungu mwenye mnyama mrefu, mwembamba kama nguchiro, anaitwa fureti. Anamshika ngozi ya shingo, mnyama analegea, anapiga miayo. Halafu anampaka mafuta tumboni, mnyama anakaa analamba mafuta yake, na kucha zote zinakatwa wala hana habari. Tukasema, kumbe ni hivyo tu. Shemeji akamkamata Sombe shingoni akamning'iniza, mimi nikampaka mawese tumboni. Shangazi, alilia mpaka majirani wakatoka nje! Hakulamba chochote. Shemeji akakata ukucha mmoja kwa wembe, damu ikachuruzika, Sombe akaruka akaangukia sementi. Mpaka leo akituona sisi wawili anazama chini ya nguo, na manyoya ya tumboni bado yana rangi ya mawese.

Sasa kila mtu ana dawa yake. Shemeji anataka tumpe kwanza tone la kasiksi, pombe ya ndizi, alewe. Jirani anasema nifungue kidonge cha amoksisilini nimchanganyie kwenye maji, ili ule ukucha uliong'oka usioze, na kidonge ninacho. Mama mkwe anasema amezeeka, sufuria ipo. Daktari wa mifugo niliyempigia simu alicheka, akaniuliza kama sina ng'ombe. Mtoto halali vizuri. Nitamkata vipi kucha huyu mnyama bila kumuua? Damu naiogopa sana.

Mama mwenye Sombe, Kadutu

JIBU

Mama Sombe, niruhusu nikuite hivyo, maana kwetu mama huitwa kwa jina la mtoto, na huyu naona amekwisha kuwa mtoto wa pili. Sikucheki. Nimekulia Kabare, katika jiko ambamo dende walipita katikati ya miguu yetu wakati mama anasonga bugali. Ada yangu ya mwaka wa kwanza wa sekondari ilitoka mle jikoni, wawili wawili, kila siku ya soko. Miaka ya vita, ng'ombe waliondoka, mbuzi wakaondoka, na wanyama waliobaki na familia nyingi za Kivu ni hawa wa kubebwa kwenye kikapu. Daktari anayecheka akisikia neno dende, sijui amesomea wanyama wa nchi gani.

Tuanze na kile kidonge, nisije nikachelewa. Usimpe. Kifunge, kirudishe kabatini. Tumbo la dende limejaa vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Bila hivyo hawezi kuishi. Amoksisilini, ampisilini na penisilini zikipitia mdomoni huua vile vizuri na kuviacha vibaya vizaliane na kutoa sumu. Mnyama anaharisha, anaacha kula, na baada ya siku chache amekwisha. Dawa ileile iliyomponya mtoto wako kifua inaweza kumuua Sombe kwa kijiko kimoja. Zipo dawa za kuua vijidudu ambazo dende anazimudu, lakini hizo atazichagua mtu wa mifugo, tena kwa kupima uzito wa mnyama kwa gramu, kwa kuwa dende wetu mara nyingi hafiki kilo moja. Kama ulikwisha kumpa, acha leo hii, mjazie majani mabichi mbele yake, na umpeleke akaonwe kabla hajaanza kuharisha.

Jambo la pili ni ile sementi. Mwangalie akitembea. Miguu ya nyuma inafuata, au anaikokota? Anapumua kwa nguvu? Anakula? Anatoa kinyesi kama kawaida, vile vipunje vigumu kama punje za mchele? Dende aliyeacha kula siku nzima ni mgonjwa wa haraka, hata kama macho yake yanang'aa, kwa sababu utumbo wake ukisimama huwa vigumu kuuanzisha tena. Nikikusoma naona bado ana nguvu za kujificha, basi nadhani ameponea.

Nimeanza na hayo mawili kwa makusudi. Wewe unaogopa damu ya ukucha. Katika dende wote niliowaona wakifa nyumbani kwetu, na walikuwa wengi, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa damu ya ukucha. Walikufa kwa kuanguka kutoka mikononi mwa watoto, kwa mbwa, kwa majani mabaya, kwa dawa za watu. Tone mbili tatu za damu zinatisha kwa sababu mnyama ni mdogo na kitambaa ni cheupe. Uoga wako uhamishie kwenye kimo: Sombe yuko sentimita ngapi kutoka ardhini?

Ile video haikuwadanganya, ila ilikuwa ya mtu mwingine. Fureti ni wa ukoo wa kicheche. Anakula nyama, na akiwa mtoto mama yake humbeba kwa meno, akimshika ngozi hiyo ya shingo. Ndiyo maana hata akikua, ukimshika hapo mwili unalegea na anapiga miayo kama mwanakwaya wa misa ya pili. Mafuta kwake ni utamu mtupu, akiyaona tumboni mwake hasikii tena habari ya kucha. Ana vidole vitano kila mguu, kucha 20, na wanaomfuga huko Ulaya na Marekani humkata hivyohivyo kila baada ya wiki chache, mtu mmoja na matone machache ya mafuta. Mbinu nzuri kabisa. Kwake.

Dende amelelewa tofauti. Anazaliwa na manyoya, macho wazi, meno tayari, na siku hiyohiyo anakimbia. Mama yake hajawahi kumbeba hata hatua moja. Basi shingo ya dende haijui mkono wa mama. Anayemshika hapo ni paka, ni mbwa, ni kicheche. Shemeji alipomning'iniza, Sombe alijua analiwa. Na mafuta ya mawese kwa mla majani ni uchafu tu. Yapanguse kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana, kisha umkaushe mpaka mizizi ya manyoya, maana baridi ya Bukavu ikimkuta amelowa itaingia kifuani.

Sasa kazi yenyewe.

Wiki hii usikate chochote. Umemharibia imani, lazima uirudishe. Kila jioni kaa chini karibu na katoni yake, uwe na fungu la matembele mkononi, usimkamate. Akija kula, mguse mgongo. Kesho yake mguse bega. Siku ya nne au ya tano mguse kidole cha mguu, sekunde moja, umwache aendelee kutafuna. Dende anasahau polepole, lakini tumbo lake ni wakili mzuri sana. Shemeji asionekane siku hizo. Kama ana muda, mtume sokoni akanunue kikata kucha kipya, kile kidogo cha kukata watoto wachanga. Kiwe kikali. Wembe tupa. Wembe hauna mahali pa kusimama, mnyama akitikisika unapita mpaka kidoleni. Mkasi wa kushonea nao unaminya ukucha kabla ya kuukata, unapasuka kwa urefu, na mpasuko ukifika kwenye nyama ni maumivu ya wiki nzima. Hicho kikata kucha kiwe cha Sombe peke yake, na kabla ya kazi ukipanguse kwa spiriti, ukiache kikauke.

Siku ya kukata chagua mchana, karibu na dirisha, umeme usiutegemee. Tandika mkeka sakafuni na ukae juu yake, mgongo ukutani. Si kwenye kiti, si kitandani, wala mezani hata kama meza ni pana. Mgongo wa dende ni mrefu na mifupa yake ni myembamba; akiruka kutoka kitini anaweza kuvunjika mguu, meno au uti wa mgongo. Akiruka kutoka kwenye paja la mtu aliyekaa mkekani, ameshuka kiganja kimoja tu, anageuka kukutazama.

Mnyanyue kwa mikono miwili: mmoja chini ya kifua, mwingine ushike makalio yote. Makalio ndiyo watu wanayosahau, na dende ambaye miguu yake ya nyuma inaning'inia hana namna ila kupiga mateke. Mkalishe mapajani, mgongo wake umegusa tumbo lako, uso wake umetazama mbele. Mzungushie kitenge kilichokunjwa mara mbili, kichwa kikiwa nje, kama tunavyomfunga mtoto mgongoni lakini si kwa kukaza hivyo, maana kifua chake lazima kipande na kushuka. Kisha chomoa mguu mmoja tu. Ukiumaliza, urudishe ndani ya kitenge, uchomoe mwingine. Usimlaze chali. Watu wengi hufanya hivyo kwa kuwa kucha zinaonekana vizuri, lakini akilala chali matumbo yote yanakandamiza mapafu, na ukimya wake hapo ni wa hofu, usidhani ametulia.

Mwanao ana kazi yake: alishe. Akae mbele ya Sombe, amshikie jani moja moja. Asishike miguu, asishike kikata kucha. Mpe na kazi ya kuhesabu. Mwambie ahesabu vidole, hataamini: vinne kila mguu wa mbele, vitatu kila mguu wa nyuma, jumla kucha 14. Ukikuta kitu kama ukucha wa tano ubavuni mwa kiganja cha mbele, kigumu, cha rangi ya ngozi, huenda ni kijipembe cha ngozi iliyoota ugumu. Dende wazee huwa nacho. Hicho kiache.

Sasa tazama ukucha mmoja mweupe kwenye mwanga. Utaona ndani yake mstari wa waridi unaotoka kidoleni na kukoma njiani. Huo ndio uhai wa ukucha: mshipa wa damu na neva. Mbele yake ni ukucha mkavu usio na maumivu, kama huu wetu tunaokata Jumamosi. Kata kwenye huo mkavu, uache milimita mbili au tatu kabla ya kufika kwenye waridi. Kata kwa mara moja, bila kusokota wala kuvuta, ukifuata mwinamo wa ukucha wenyewe. Ukisikia "tak", mpe jani, pumua, endelea.

Mweusi ndio unaowatisha watu. Washa tochi ya simu, uiweke chini ya ukucha ili mwanga upite kwenda juu. Mara nyingi kivuli cha ule mshipa huonekana. Usipoonekana, kuna njia ninayoiamini kuliko tochi. Weka kikata kucha mahali unapotaka kukata, uminye kidogo sana, bila kukata. Akiurudisha mguu ndani, umekaribia uhai. Sogea mbele kuelekea ncha. Akiendelea kutafuna, kata. Na ukiwa bado una shaka, kata ncha tu, unene wa punje ya mchele, na kesho kutwa kuna siku nyingine. Hakuna mtu anayekusubiri mlangoni na saa.

Siku ya kwanza kata kucha mbili. Mbili tu, hata kama ametulia na shemeji anakuita mwoga. Siku inayofuata tatu. Wazungu wa video humaliza zote kwa mpigo kwa sababu wamezoeana na wanyama wao tangu wakiwa wachanga. Wewe una mnyama wa miaka minne aliyewahi kuangushwa.

Damu ikitoka, na kuna siku itatoka, usipige kelele. Ukipiga kelele mtoto atalia, mtoto akilia Sombe ataruka, na hapo ndipo tutakapopata tatizo la kweli. Kabla hujaanza weka karibu kitambaa safi na kisahani cha unga mkavu, wa mahindi au wa muhogo, ule ulio safi. Ukucha ukitoa damu, ubonyeze kwa kitambaa dakika tano bila kuchungulia, kisha uchovye ncha kwenye unga, ubonyeze tena. Unga hunywa umajimaji na kusaidia damu kuganda. Usiweke majivu, usiweke tumbaku, wala ule unga wa betri kuukuu ambao wazee fulani huusifu. Mweke juu ya kitambaa safi mpaka ncha ikauke, ndipo arudi kwenye majani yake, kwa sababu ukucha mbichi ukigusa mkojo na kinyesi ndipo vijidudu huingia. Ikiwa baada ya dakika 20 za kubonyeza bado inachuruzika, mpeleke kwa mtu wa mifugo.

Ule uliong'oka nusu uoshe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, mara mbili kwa siku, na umweke mahali pakavu. Mara nyingi huota tena, wakati mwingine umepinda. Kidole kikivimba, kikiwa cha moto au kikitoa usaha, hapo kidonda kimekushinda. Vilevile ukikuta ukucha wowote umejikunja mpaka umechoma nyama ya unyayo, usiuvute. Umekuwa kama funza aliyekomaa, na tunajua sote mtu anayemtoa funza kwa pupa anavyojuta. Ofisi ya mifugo ya mkoa ipo, na Chuo Kikuu cha Kiinjili, Université Évangélique en Afrique, kiko hapohapo Bukavu. Watafiti wake wamewahi kuandika juu ya ufugaji wa dende wa Kivu. Huko sidhani kama watakucheka.

Utagundua kwamba zile ndoano za mbele hata ukikata kila siku haziwi fupi mara moja. Ukucha ukiachwa muda mrefu, uhai wake nao hurefuka ukaufuata. Kwa hiyo kata ncha, subiri siku kumi au wiki mbili, kata tena ncha. Kila ukikata, ule mshipa hurudi nyuma taratibu. Sombe huenda akahitaji miezi mitatu kufikia kucha za kawaida. Baada ya hapo mara moja kwa mwezi inatosha. Ukisikia zinagonga sementi anapotembea, ujue siku imefika.

Kwa nini zilirefuka hivyo? Dende wa mama yangu hawakukatwa kucha hata siku moja, na sikuwahi kuona ndoano. Lakini walitembea kutwa juu ya udongo uliopigwa na mawe ya jiko, na ukweli usemwe, hakuna aliyefikisha miaka minne. Sombe amezeeka juu ya sweta. Zile nguo zitoe zote. Nyuzi ndizo zilizomnasa, na nyuzi hizohizo zinaweza kumfunga kidole mpaka kife. Mwekee majani makavu yaliyoanikwa, au majani makavu ya migomba, yabadilishwe kila yanapolowa. Maranda ya fundi seremala yanafaa kama ni makavu na hayana vumbi, ila ya mbao zenye harufu kali yaache, yanachoma mapafu. Pale anapowekewa chakula laza tofali moja bapa, apande juu yake kila akienda kula. Tofali litasugua ncha kidogo, ingawa kikata kucha hutakiacha. Nina ndugu Goma aliyemwekea dende wake jiwe la volkeno, akidhani kali ndiyo bora. Alipunguza kucha na kuchubua nyayo. Na uzichungulie nyayo za Sombe kila unapokata. Kucha ndefu humfanya akanyage kwa kisigino, na kisigino chekundu, kilichovimba au chenye gamba, kinauma kuliko kucha zote 14.

Bugali nao. Umeniandikia kwa mstari mmoja tu, lakini mimi nilisimama hapo. Dende, kama sisi, mwili wake hauwezi kujitengenezea vitamini C. Asipoila kila siku, viungo vinauma, fizi zinatoka damu, vidonda haviponi, na anaanza kuchechemea. Mtu anasema ni kucha, kumbe ni njaa ya matunda. Bugali haina vitamini hiyo hata kidogo. Sombe apate nyasi kwa wingi, matete, matembele, na kila siku kipande cha pera au cha pilipili hoho. Pera ndilo rahisi kwetu na limejaa hiyo kitu. Usimpe majani ya viazi vya kizungu wala ya muhogo mabichi. Yote mawili yana sumu. Najua jina lake ni Sombe, hayohayo majani ya muhogo. Asile jina lake.

Kasiksi sitaijadili. Mwambie shemeji anywe mwenyewe, tena baada ya kazi.

Amebaki mama mkwe. Simlaumu, kwetu dende ni mboga, na huko Amerika ya Kusini, kwenye milima ya Andes walikotoka, wanaliwa mpaka leo bila aibu. Lakini kuna njia ya kumridhisha bila kugusa sufuria. Dende hapendi kuishi peke yake. Ile miluzi anayompigia mwanao ni kwa sababu hana mwingine wa kumpigia. Mtafutie jike mdogo, wa miezi mitatu au minne. Asiwe jike mzima ambaye hajawahi kuzaa, kwa kuwa akipita miezi saba nyonga hukaza na uzazi wa kwanza unaweza kumuua. Mimba huchukua kama siku 68, na huzaa wawili au watatu. Jike akishakuwa mzito usimnyanyue kukata kucha, subiri azae. Hapo bibi atakuwa na mchuzi wake wa Noeli mwaka hadi mwaka, na Sombe atabaki na doa lake jeupe kichwani.

Ila mwanao akianza kuwapa na hao wadogo majina, mimi simo.

Shangazi